Itafanya

Lipo neno moja ambalo sisi mafundi wadogo wa mitaani tunalitamka mara nyingi kuliko salamu. Neno lenyewe ni "itafanya". Mteja anasimama mbele yako na kifaa kilichokufa, wewe unachakura kwenye kopo la vipuri, unatoa kitu ambacho si chenyewe ila ni ndugu yake wa mbali, unakigeuzageuza, halafu unasema: itafanya. Na mara nyingi, kwa kweli, inafanya. Swali ninalotaka tulitazame pamoja katika makala haya ni hili: ni lini "itafanya" ni kweli, na ni lini ni uongo? Siulizi kwa kupenda malumbano. Nauliza kwa sababu mwezi wa Julai 2022 nililitamka neno hilo kwa mzee mmoja hapa Iringa, na mpaka leo nikikaa peke yangu najiuliza kama nilimdanganya.

Mimi ni kijana wa kidato cha nne ambaye mchana anatengeneza baiskeli na usiku anaandika riwaya isiyoisha. Ufundi nilijifunza kwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye bado nafanya naye kazi kijiweni kwake, chini ya mparachichi. Huyo fundi nitamtaja sana humu, na naomba asichukuliwe kama mtu mbaya. Angekuwa mbaya kazi yangu ya kuandika ingekuwa rahisi.

Basi, yule mzee analima nyanya na mboga bondeni, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Anayeijua Iringa anajua kwamba mji wenyewe umekaa juu ya mlima, na kutoka Ipogolo kuja sokoni unapanda, bwana, unapanda mpaka unahesabu dhambi zako. Maisha yake yote mzee alipanda kwa Phoenix isiyo na gia, yaani alisukuma kwa miguu zaidi ya kupanda. Mwanawe akamnunulia baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ya gia, usukani umenyooka, fremu ya alumini nyepesi. Mzee akafunga karia, akafunga tenga mbili, akaja kwetu.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mzee. Karibu."

"Hii baiskeli ni nzuri, ila mlimani bado nashuka. Hamna gia nyepesi kuliko hizi?"

Hilo ndilo lilikuwa ombi lake. Sikuona uvivu ndani yake. Hata huko Ulaya, wakubwa wa mashindano ya kuzunguka Ufaransa waliwakatalia waendeshaji kutumia vifaa vya kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937, kana kwamba mlima ni mtihani wa tabia ya mtu. Mzee wetu hakuwa kwenye mtihani. Alikuwa na nyanya zinazooza.

Sasa hapa nivumilie kidogo, msomaji, maana bila hesabu hii swali langu halina miguu. Baiskeli ile mbele ilikuwa na gia mbili, ya meno 50 na ya meno 34. Nyuma ilikuwa na gia nane zilizopangwa pamoja, ndogo ina meno 13, kubwa 26. Fungu hilo la nyuma huitwa kaseti. (Mzee alipolisikia neno hilo alicheka, akasema kaseti anazozijua yeye ni za nyimbo, na alishazigawa.) Chini ya kaseti linaning'inia lile dude lenye vigurudumu viwili vya plastiki, linalosukuma cheni kutoka gia hadi gia na kuivuta isilegee. Vitabu vya kiwandani vinaliita direila. Sisi pale kijiweni tunaliita kikono.

Katika kopo letu tulikuwa na kaseti nyingine ya gia nane, kutoka baiskeli iliyokwisha, ya meno 11 mpaka 32. Ukiwa na gia ya 34 mbele na 26 nyuma, kila ukizungusha pedeli mara moja gurudumu linakwenda mara 1.3. Ukiweka 32 nyuma, linakwenda mara 1.06 tu. Kwa mtu mwenye tenga mbili za nyanya, hiyo ni tofauti ya kushuka na kutoshuka. Kilichobaki ilikuwa ni kikono kukubali.

Kikono chenyewe kilikuwa Shimano kifupi cha baiskeli za mashindano. Na kila kikono hutoka kiwandani na namba mbili, ambazo watu wengi, mafundi tukiwamo, huzichanganya. Namba ya kwanza ni gia kubwa kabisa ya nyuma ambayo kikono kinaweza kuifikia bila kugusana nayo. Ya kikono kile ilikuwa meno 27. Namba ya pili ni kiasi cha cheni ambacho kikono kinaweza kukimeza kinapolegea. Unachukua gia kubwa ya mbele unatoa ndogo, unachukua kubwa ya nyuma unatoa ndogo, unajumlisha. Kwa kaseti yake ya zamani: 50 toa 34 ni 16, 26 toa 13 ni 13, jumla 29. Na ukomo wa kikono ulikuwa 29 hiyohiyo. Yaani baiskeli ilivyokuja ilikuwa imeshiba, haikubakiza hata jino moja. Kwa kaseti mpya: 16 jumlisha 21, ni 37.

Fundi wangu hakupiga hesabu hiyo. Yeye hufanya kwa jicho, na jicho lake ni la miaka mingi. Aliifunga kaseti, akakaza skrubu ndogo ya nyuma, ile ambayo ukiikaza inakisukuma kikono kizima kirudi nyuma kikae mbali na meno. Aliikaza mpaka mwisho. Kwenye gia ya 32 kigurudumu cha juu kikawa kinakwaruza kidogo sana, kama panya anayetafuna kwa adabu. Akaitingisha kichwa, akasema, "Dogo, malizia. Mimi nakwenda kunywa chai."

Nikamalizia. Baiskeli tuliifunga kwa kamba kwenye tawi, nikazungusha pedeli kwa mkono, nikapandisha gia zote nane na kuzishusha. Safi. Mzee alisimama pembeni amekunja mikono, uso wake unang'aa kama mtoto wa sikukuu. Akaniuliza, "Itafanya?"

Nikajibu, "Itafanya, mzee."

Hapa ndipo pa kusimama. Majaribio yale niliyafanya mbele ikiwa kwenye gia ndogo, ya 34. Sikuihamisha kwenda 50. Na sikuihamisha kwa sababu nilijua. Cheni ilikuwa ileile ya zamani. Kanuni ya kupima cheni ni kuizungusha gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kikono, halafu unaongeza inchi moja, ambayo ni vipande viwili vya nusu inchi. Cheni ile ilipimwa hivyo kwa gia ya 26. Ukitoka 26 kwenda 32 unahitaji vipande vitatu zaidi, kwa sababu cheni inazunguka nusu tu ya gia na nusu ya meno sita ni matatu. Akiba ilikuwa viwili. Kwa hiyo kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma zikikutana, cheni inakuwa fupi, na hapo hakuna kukwaruza wala kuonya. Kitu kinavunjika.

Je, hesabu hiyo niliipiga wakati ule? Hapana. Lakini kidole changu kilikwenda kwenye kiswichi cha mbele, kikasita, kikarudi. Mkono ulikuwa na wasiwasi na kichwa kikaona afadhali kisiulize. Ukinishika ukaniambia "ulijua", nitakataa. Ukiniambia "hukujua", nitaona aibu. Katika riwaya tunazosoma mtu mwovu hujua anachofanya, anasugua viganja na kucheka. Mimi nilikuwa na njaa, saa tano ilishapita, na muuza vitumbua alikuwa ameshafika kona.

Siku tisa baadaye mzee alitoka Ipogolo asubuhi. Njia ya bondeni ni tambarare, akaenda nayo kwa gia ya 50, kwa furaha. Mlima ulipoanza akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akaacha ya mbele ilivyo, akaanza kupandisha za nyuma moja moja, mpaka ya mwisho. Cheni ikakakamaa. Kikono kikavutwa mbele, sikio la fremu linaloshika kikono likakatika, kikono kikaingia kwenye spoki. Gurudumu likagoma palepale. Mzee akaanguka upande wa barabara, na nashukuru Mungu ulikuwa upande wa ndani, maana malori hupita pale. Mkono wa kushoto ukateguka. Nyanya zikaenda bondeni zilikotoka. Sikio lenyewe lilikuwa sehemu ya fremu, na alumini huichomei kwa gesi ya mtaani, kwa hiyo baiskeli ikawa imekwisha. Nimeziandika sentensi hizo harakaharaka kwa makusudi. Nikizirefusha nitaanza kuzipamba.

Nilipomweleza fundi wangu, alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo sikuweza kuyapuuza, na sitaki wewe msomaji uyapuuze.

La kwanza alisema hivi: baiskeli ya gia ina adabu zake. Kubwa kwa kubwa haiendwi, inalaza cheni upande, inakula meno. Hata hao wenyewe waliotengeneza wanashauri hivyo. Hilo ni kweli.

La pili: hizo namba za kiwandani ni tahadhari, si sheria ya Mungu. Kiwanda kinaandika namba ambayo hata fremu mbaya kuliko zote haitaleta malalamiko. Na hili nalo ni kweli kuliko nilivyotaka liwe. Nimeona vikono vilivyoandikiwa 28 vikifanya kazi na 30 mwaka mzima bila kelele. Shimano hiyohiyo, kikono chake kifupi cha Ultegra cha namba 6800 kiliandikiwa mwisho 28, kilichokifuata cha R8000 kikaandikiwa 30, na ukiviweka mezani pamoja unaona wazi mtu alikaa akabadilisha umbo. Namba hizo zinatoka kwa watu wanaopima na kuamua, na mtu anayeamua huacha nafasi ya usalama. Ukiivuka namba kwa meno mawili hujavuka ukweli, umeingia kwenye nafasi ile aliyoiacha.

La tatu ndilo lililoniuma. "Tukifuata karatasi," alisema, "nusu ya baiskeli za mji huu zitalala ndani. Mtumba haujatoka Japani na ndugu zake. Inakuja fremu ya huku, kaseti ya kule, kikono kimepotea njiani. Mzee alikuja na shida. Ulitaka nimwambie arudi kwenye Phoenix?"

Nakiri sikuwa na jibu siku ile. Na hata leo nasema fundi wangu ana haki kuhusu kufunga. Kufunga kaseti ya 32 kwenye kikono cha 27 si dhambi. Kuoanisha visivyooana ndiyo kazi yetu. Anayelipia vipuri vya kufanana ni mtu mwingine, wa nchi nyingine au wa mtaa mwingine.

Lakini tukitazama vizuri, kosa langu halikukaa kwenye kaseti. Lilikaa kwenye sarufi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitusumbua sana na kile kiungo "-ki-", tukakariri bila kujua kitatusaidia nini. Sentensi kamili, sentensi ya kweli, ilikuwa hii: "Itafanya, mzee, ukikumbuka kushusha gia ya mbele kabla hujaanza mlima." Mimi nikamkatia mzee sentensi, nikampa neno la kwanza peke yake. Neno lile peke yake lilikuwa na sehemu kubwa ya kweli. Ukipiga hesabu, baiskeli ile ilikuwa na jumla ya namna 16 za kuunganisha mbele na nyuma, na namna 15 zilikwenda, hata kama nyingine zilikwaruza na nyingine cheni ilining'inia. Moja tu ndiyo ilikuwa mbovu. Nani atasema nilidanganya, ikiwa katika kila 16 nilisema kweli 15?

Mtu atanipinga: basi fundi aseme masharti yote? Hata baiskeli mpya ina elfu. Itafanya usipogongwa na gari, itafanya usipoiacha mvuani, itafanya skrubu isipolegea. Ukimtajia mteja yote hayo hutakuwa umemwambia kitu, atasikia kelele tu, kama zile karatasi za dawa zenye maandishi ya sisimizi. Pingamizi hilo nimelifikiria usiku mwingi kuliko niliofikiria sura ya saba ya riwaya yangu. Nadhani jibu liko hapa: yapo masharti ambayo mtu anayaona yakija. Mvua anaiona. Gari analiogopa bila kufundishwa. Lakini sharti la kubwa kwa kubwa lilikuwa limefichwa ndani ya kidole chake mwenyewe. Angelivunja kwa kufanya lile lililo la busara kabisa, yaani kutafuta gia nyepesi mlimani, ambalo ndilo nililomuuzia. Nilimwekea mtego mahali ambapo shida yake ingempeleka. Sharti la namna hiyo asiyelijua hawezi kulikwepa kwa uangalifu wowote, na anayelijua amemshika mwenzake bila mwenzake kuhisi.

Tena lipo jambo lingine, dogo, la kifundi, ambalo linanishitaki zaidi. Kosa lile la 37 juu ya 29 lisingeweza kuondolewa kwa kikono kifupi. Lakini lingeweza kuhamishwa. Ningeongeza cheni vipande vinne, kubwa kwa kubwa ingepita. Badala yake cheni ingelegea sana kwenye ndogo kwa ndogo, 34 na 11, ingening'inia na kupiga kelele, pengine kuchomoka kwenye meno. Mzee angeshuka, angepaka vidole mafuta, angetukana kidogo. Basi. Kumbe nilikuwa na uhuru wa kuchagua kosa likae wapi, mahali linapoaibisha au mahali linapovunja mkono, na sikuchagua. Kipande cha cheni cha kuongezea kilikuwamo kwenye kopo. Nilikiona baadaye, nikakitoa nikakiweka mfukoni, sijui kwa nini.

Nilikwenda Ipogolo kumwona mzee. Fundi wangu aliniambia nisiende, eti nitajifungulia kesi. Nilimkuta amekaa nje, mkono kwenye kitambaa, mjukuu anamenya mahindi. Nikamweleza yote, pamoja na hesabu, pamoja na kidole kilichosita. Nilitaraji anifokee, au anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, na nakiri nilishaanza kuipanga sehemu hiyo kama ukurasa wa kitabu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo ya mbele, kubwa, ndiyo ya kushusha?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi sikukuuliza siku ile," akasema, "maana sikujua cha kuuliza. Wewe ulijua jibu ukasubiri swali."

Akamwambia mjukuu aniletee chai. Tulikunywa, tukazungumza bei ya mbolea. Fremu nilimtafutia nyingine kwa gharama yangu, ya chuma, ilinichukua mpaka Desemba kuimaliza. Kikono nilichofunga safari hii ni kirefu, kilichoandikiwa 34 na jumla ya 43, na kwa kaseti ileile kinashusha pumzi. Simwelezi mtu habari hiyo ili anisifu. Mzee mwenyewe hajanisifu. Akipita hunisalimia vizuri, na kila akileta baiskeli huuliza maswali mengi mno, mpaka fundi wangu anakasirika.

Tangu hapo nimejizoesha kusema sentensi nzima. Usifikiri inalipa. Mwezi Februari mwaka huu alikuja kijana na baiskeli ya mbio, kikono kimeandikiwa 28, ana kaseti mkononi ya mwisho 30. Nilijua kwa uzoefu kwamba itakwenda. Nikamwambia itafanya akikubali niongeze kipande cha cheni na kukaza skrubu ya nyuma, na kwamba kabla hajaondoka lazima tuijaribu kubwa kwa kubwa hapahapa, mimi na yeye, ikikakamaa nisimfungie.

"Sasa fundi," akasema, "itafanya au haitafanya?"

"Nimekwambia, kaka. Itafanya ikiwa..."

"Hizo hadithi." Akachukua kaseti yake, akavuka barabara kwenda kijiwe cha pili. Nikamsikia fundi wa kule akimjibu kwa neno moja, lile lile.

Jioni alipita mbele yetu akishuka kuelekea stendi, amebadilisha gia mbili tatu kwa makusudi ili nione. Nilitega sikio mpaka akakata kona. Haikukwaruza popote. Akapiga kengele, nami nikampungia mkono.